Debe tupu huvuma. Tarakilishi bora ya nyumbani haisikiki

Wahenga walinena kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Kwa miaka sita niliishi na debe la aina hiyo katika pembe ya sebule yangu hapa Nairobi. Nililiita tarakilishi, nikalipangusa vumbi kila Jumamosi, na kulionea fahari kila nilipopata mgeni. Lilikuwa jeusi, refu kufikia goti, lenye taa ya samawati kifuani, na lilipowashwa lilinguruma kama matatu inayopanda mlima ikiwa na magunia ya viazi juu. Sikuwahi kujiuliza linanguruma nini, mpaka mama yangu mzazi alipokuja kulala karibu nalo.

Ilikuwa Januari mwaka 2025. Mama alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na daktari alimtaka asirudi mashambani kwa majuma kadhaa. Nyumba yetu ina vyumba viwili tu vya kulala, kimoja cha wazazi na kimoja cha watoto, kwa hivyo mgonjwa tulimtandikia sebuleni. Hapo hapo sebuleni ndipo binti yangu, aliyekuwa ameingia Gredi ya 8, hufanyia kazi zake za shule jioni, na ndipo mimi huandikia makala usiku wengine wakilala. Asubuhi ya tatu mama aliniita, jicho moja likiwa limefunikwa kwa pamba, akaniuliza kwa ule upole wa mtu asiyetaka kumwudhi mwenyeji wake:

"Mwanangu, hicho kinu husaga nini usiku kucha?"

"Si kinu, mama. Ni tarakilishi. Ndiyo inayotulisha."

"Basi na isage mchana," akasema, "maana tangu nije hata unga wenyewe sijauona."

Mpenzi msomaji, kauli hiyo ilinichoma. Nilikuwa na mambo mawili yasiyoweza kuahirishwa: usingizi wa mgonjwa aliyenizaa, na kazi inayolipa kodi ya nyumba. Usiku wa nne niliizima tarakilishi nikaandika kwa kalamu, kisha alfajiri nikalazimika kuyapiga chapa yale yale niliyoyaandika. Binti yangu naye alichukua simu ya mama yake, akajaribu kuandika insha ya kurasa tatu kwa vidole gumba. Nilimtazama akiinamia kiwambo kisichozidi kiganja, akifuta neno na kulirudia, hadi simu ikaishiwa na chaji na nusu ya insha ikapotea. Hakulia. Aliniambia tu, "Baba, nitaiandika upya shuleni." Ndipo nilipoamua kwamba kinu lazima kiondoke, na mahali pake paje kitu kidogo, kimya, kitakachoihudumia nyumba nzima, tena kwa gharama isiyozidi shilingi 30,000, kwani hizo ndizo nilizokuwa nazo.

Kabla ya kutoa hata senti moja, niliona heri nijue nilikopotea mara ya kwanza. Mwaka 2019 niliingia katika duka moja, ambalo sitalitaja, nikiwa na shilingi 32,000 mfukoni na ujinga mwingi kichwani. Muuzaji alinionyesha kibandiko kilichoandikwa i7, akasema, "Mzee, hii ndiyo kubwa kuliko zote. i5 ni ya watoto." Nami nikaamini. Sikujua kwamba siri imo katika tarakimu zinazofuata baada ya kistari. Yangu ilikuwa i7-860, prosesa iliyotoka mwaka 2009. Prosesa ndiyo bongo la tarakilishi, na mimi nilikuwa nimenunua bongo la miaka 10 kwa bei ya kijana. Bongo hilo, likifanya kazi kwa bidii, huweza kutoa joto la wati 95. Isitoshe, halina uwezo wa kutoa picha peke yake, hivyo ndani mlikuwa pia na kadi ya picha yenye feni yake. Nilipolifungua debe lile nilihesabu feni nne: ya prosesa, ya kadi ya picha, ya kisanduku cha umeme, na ya mgongoni.

Hapo nilianza kuielewa kelele. Kwa kawaida kelele za tarakilishi hutokana na mambo mawili. La kwanza ni joto: penye joto jingi sharti pawe na upepo mwingi, na upepo mwingi hauji bila feni kwenda mbio. La pili ni diski ya kizamani, ambayo ndani yake mna sahani zinazozunguka aghalabu mara 7,200 kwa dakika, zikitikisa kasha zima nalo likatikisa meza. Kwa hiyo anayetaka kimya hanunui pamba ya kuziba kasha. Hupunguza joto, na huiondoa sahani inayozunguka. Feni ikipunguziwa kasi kwa nusu, kelele zake hushuka kwa takriban desibeli 15, na kila desibeli 10 zipunguapo, sikio huhisi kana kwamba kelele imekatwa nusu. Mwenye kuelewa hayo amekwisha kuivuka nusu ya safari kabla hajafika dukani.

Jioni ile nilichukua karatasi nikaorodhesha kazi tunazozihitaji nyumbani kwetu. Mimi naandika. Binti yangu anaandika, anasoma, na kutazama masomo ya video. Mama watoto anaweka hesabu za chama chake cha akina mama. Sote wawili tunajaza fomu za kodi na za huduma za serikali. Mwishoni mwa juma watoto wanataka filamu kwenye runinga, na picha za jamaa zetu, zilizotapakaa katika simu tatu, zinahitaji mahali pa kuhifadhiwa. Hakuna hata mmoja wetu anayecheza michezo ya vita au kutengeneza sinema. Mtu hujikuna ajipatapo. Nami niliona wazi kwamba kwa miaka sita nilikuwa nimefuga tembo wa kunibebea kikapu cha sokoni.

Niliyapima mapendekezo kadhaa. Kipakatalishi kipya chenye nguvu ya kutosha kilinizidi bei. Kipakatalishi kuukuu kina faida ya betri, jambo lisilo dogo katika mji ambamo umeme hukatika bila hodi, lakini kwetu kingegombaniwa na watu watatu, na bawaba au kibodi yake ikivunjika, kukitengeneza ni taabu. Nilifikiria pia Raspberry Pi, kile kibao cha Uingereza kilichozinduliwa mwaka 2012 kwa bei ya dola 35. Ni kidogo mno na hakina kelele, na kwa mwanafunzi wa elimu ya tarakilishi ni hazina. Ila ukiongeza adapta, kasha na mahali pa kuhifadhia kazi, bei yake hupanda, na zipo programu za tarakilishi za kawaida zisizokubali kufanya kazi juu yake. Njia ya nne ilikuwa kununua bodi ndogo ya mraba wa sentimita 17, muundo uliobuniwa na kampuni ya VIA ya Taiwan mwaka 2001, kisha niiunge na prosesa, kasha na kisanduku cha umeme. Hiyo ndiyo njia tamu kwa apendaye ufundi, lakini vipuri vipya vikinunuliwa kimoja kimoja hukausha mfuko.

Ilibaki njia ya tano, nayo nilionyeshwa na fundi mmoja kijana katika Luthuli Avenue, ule mtaa wa jijini ambamo spika, redio na runinga hushindana kuimba kutwa. Nilipomwomba tarakilishi nzuri, hakunionyesha kibandiko. Aliniuliza, "Mzee, itafanya kazi gani, na itakaa wapi?" Nikamtolea karatasi yangu. Akaisoma hadi mwisho, akaingia ndani, akatoka na kitu mfano wa kitabu kinene: mraba wa sentimita 18 hivi, na unene wa sentimita tatu na nusu.

Hizi ni tarakilishi zilizoundwa kwa ajili ya ofisi. Lenovo huziita Tiny, Dell huziita Micro, na HP huziita Mini. Makampuni na benki za ng'ambo huzinunua kwa mamia, huzitumia miaka minne au mitano, kisha huziondoa zote kwa pamoja hata kama bado ni nzima, na nyingi huishia katika masoko ya mitumba kama letu. Ile niliyoonyeshwa ilikuwa na prosesa i5-8500T ya mwaka 2018. Fundi alinifundisha kuisoma kama mtu asomaye nambari ya gari: tarakimu 8 ya mwanzo ni kizazi chake, na herufi T ya mwisho yaonyesha kwamba imeundwa kutumia umeme kidogo. Joto lake limekadiriwa kwa wati 35, zaidi kidogo ya theluthi moja ya lile la debe langu, na ina viini sita vya kufanyia kazi ilhali debe lilikuwa na vinne. "i5 ya watoto" ikaishinda "kubwa kuliko zote" kwa vipimo hivyo. Kadhalika ina uwezo wa kutoa picha yenyewe, bila ya kadi ya ziada.

Hata hivyo, kuuliza si ujinga, nami safari hii niliuliza. Nilitaka iwashwe kabla sijalipa. Nilihakikisha kwamba haikufungwa kwa nenosiri la mwenye nayo wa zamani, kwani nyingi za ofisi huja na kufuli hilo, na asiyelijua hununua tofali. Niliangalia kwamba adapta ya umeme ni ya kwake, nikajaribu kila tundu, kisha nikaomba ionyeshe video kwa nusu saa huku nikiwa nimeitegea sikio. Katika kelele za Luthuli sikusikia kitu, jambo ambalo bila shaka si ushahidi, lakini nilipoweka kiganja juu ya kasha nililiona lina uvuguvugu tu.

Hesabu ilikuwa hivi. Kasha lenye kumbukumbu ya kufanyia kazi ya gigabaiti 8, bila diski, lilinigharimu shilingi 17,000. Kumbukumbu nyingine ya gigabaiti 8, ili ziwe mbili zinazolingana, ilikuwa shilingi 2,500. Diski mpya ya chipu ya gigabaiti 500, ile iitwayo SSD, isiyo na sahani wala kitu kingine kinachozunguka, ilikuwa shilingi 5,000. Kibodi na kipanya vilivyotumika vilikuwa shilingi 1,000. Kiungo cha kuiunganisha na runinga shilingi 600. Na kilinda umeme shilingi 1,200. Fundi nilimpa shilingi 500 za shukrani. Jumla ikawa shilingi 27,800, pungufu ya bei ya debe la mwaka 2019.

Kuiunda kulichukua mchana mmoja wa Jumamosi, na nilimwita binti yangu tufanye kazi hiyo pamoja. Skrubu ni moja tu nyuma. Ukiilegeza, kifuniko huteleza kikatoka. Tulipuliza vumbi la ofisi za watu tusiowajua. Tukaondoa krimu iliyokauka kati ya prosesa na chuma cha kupozea, tukapaka mpya, ndogo kama punje ya mchele. Binti yangu ndiye aliyeipachika kumbukumbu ya pili, na ndiye aliyeifunga diski kwa skrubu yake moja. Mkono wake ulitetemeka mwanzoni, kisha ukatulia. Kwa muda wote niliokuwa na debe sikuwa nimewahi kumruhusu aliguse ndani.

Juu ya diski tuliweka Linux, mfumo endeshi ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Ufini, na ambao hutolewa bila malipo. Kwa uandishi na hesabu tulitumia LibreOffice, nayo pia ni ya bure. Nilifurahi kukumbuka kwamba lugha yetu si mgeni katika ukoo wa programu hizo: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki katika kutoa Jambo OpenOffice, ambamo mtumiaji alipokewa kwa Kiswahili. Ile diski ya zamani ya debe niliitia katika kasha dogo la nje, na sasa huunganishwa mara moja kwa juma ili kuhifadhi nakala za kazi na picha, kisha huchomolewa. Iliyokuwa ikitunyima usingizi imegeuka kuwa sanduku la urithi.

Nilikosea mara moja, na ni vyema niseme. Kwa kutaka sebule ipendeze, niliifungia tarakilishi ndani ya kabati la runinga, milango ikiwa imefungwa. Baada ya saa moja feni yake, ambayo ni moja tu na ni ndogo, ilianza kulia kama mbu. Kitu kidogo hakisameheki kikinyimwa hewa. Tuliitoa, tukaifunga kwa mabano nyuma ya runinga, upenyo wake ukielekea juu, na mbu akanyamaza.

Kuhusu umeme, sikutaka kusadiki maneno matupu. Mita yetu ya tokeni imeandikwa kwamba taa yake hupepesa mara 1,000 kwa kila yuniti moja, kwa hivyo kila mpepeso ni wati moja kwa muda wa saa moja. Nilizima kila kitu nyumbani, hata friji na runinga, nikaliwasha debe peke yake na kuliacha bila kazi. Taa ilipepesa kila baada ya sekunde 40, yaani wati 90. Kisha nikaiwasha ile ndogo. Nilisimama mbele ya mita hadi nikadhani imeharibika. Taa ilipepesa baada ya dakika tano, yaani wati 12. Kwa matumizi ya saa 8 kwa siku, tofauti hiyo hukaribia yuniti 19 kwa mwezi. Kwa mujibu wa viwango vilivyoanza kutumika Aprili 2023, nyumba isiyozidi yuniti 30 kwa mwezi hutozwa bei ya chini kuliko nyingine zote. Kwa familia iliyo karibu na mpaka huo, yuniti 19 si mzaha. Haba na haba hujaza kibaba, na pia hukimaliza.

Sasa nafika kwenye neno lililonifanya nishike kalamu. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha usaidizi wa kawaida wa Windows 10. Tarakilishi nyingi zenye prosesa za kizazi cha saba na vilivyotangulia hazikubaliwi rasmi na Windows 11, na kwa sababu hiyo tu ofisi nyingi zinaziona kuwa takataka. Ile yangu ya kizazi cha nane inakubaliwa, lakini hata zile za kizazi cha sita zingeweza kuendelea kwa Linux miaka mingi ijayo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilieleza kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vifaa vya umeme, na kwamba chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kutengenezwa upya ipasavyo. Katika lundo hilo mna vyombo ambavyo mtoto wa Umoja, wa Kisauni au wa Nyalenda angeandikia insha leo usiku.

Maoni yangu ni kwamba ofisi zetu, za umma na za binafsi, zikikusudia kuziondoa tarakilishi, zifute siri zao, zifungue nenosiri, kisha ziwauzie wafanyakazi wao na wazazi kwa bei nafuu kabla ya kuzipigia mnada kwa mlanguzi mmoja. Shule nazo zisitosheke na kuwafundisha watoto kubonyeza. Ziwafundishe kufungua, kusafisha na kupachika. Na sisi wazazi tuache kununua kwa macho. Yupo mzazi anayebeba simu ya shilingi 60,000 mfukoni ilhali nyumbani hamna kibodi hata moja. Simu ni ya kupokea habari. Mtoto anahitaji pia chombo cha kutolea zake. Anayekwenda dukani na aanze na karatasi ya mahitaji, asome tarakimu baada ya kistari, na atege sikio.

Usiku wa kwanza baada ya debe kuondoka, binti yangu aliandika hadi saa nne, nami nikaandika hadi saa saba. Mama alilala. Asubuhi aliketi kitandani, akatazama pembe iliyokuwa tupu kwa lile jicho lake lililofunguliwa, akauliza, "Mmekiuza kile kinu?"

"Ndiyo, nyanya," akajibu mjukuu wake. "Kipya kipo nyuma ya runinga. Nimekitumia jana wewe ukikoroma."

Mama hakutaka kuonyeshwa kilipo. Alisema, "Basi nisomee ulichoandika."